Kidole cha Herufi A

Mpendwa Bi Kuruthumu,

Shikamoo. Nimesoma majibu yako gazetini kwa miaka mingi na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuwa mimi ninayekusumbua, lakini nimefika mahali sina wa kumwambia, kwa kuwa jambo langu nikilisema kazini nitaonekana msaliti na nikilisema mtaani nitaonekana mwongo, na huo uongo ni kweli nimeusema, kwa hiyo naomba unisaidie, na kama utanigombeza nitapokea.

Mimi ni mjane wa miaka thelathini na minne, ninaishi chumba kimoja Mtaa wa Mchikichi na binti yangu Severa, na ni mpiga chapa katika shirika moja la umma hapa mjini. Mume wangu Filbert alifariki mwezi wa pili mwaka huu kwa homa ya siku nne. Alikuwa karani, na jioni alifundisha kisomo cha watu wazima kwa wachukuzi wa mizigo wa huku Kariakoo, wale wanaobeba magunia na kusukuma mikokoteni. Kitabu alichokuwa nacho kilikuwa cha kilimo cha pamba na wao walimcheka wakisema, "Mwalimu, pamba sisi tunaibeba, hatuilimi," basi akaamua kuwaandikia masomo yake mwenyewe, arobaini na matano, kwa penseli, katika madaftari manne, yenye maneno yao wenyewe kama gunia, kamba, bega, ujira, kabichi, pisha njia. Pembeni mwa kurasa nyingine ameandika "hapa watacheka". Herufi g yake ina mkia kama ndoana, na penseli alikuwa akiichonga kwa kisu kile kile cha kumenyea mihogo, nami nikimgombeza kila mara kwa sababu ya unga wa risasi kwenye mihogo.

Masomo hayo lazima yapigwe chapa juu ya stensili, ile karatasi ya nta ambayo herufi huikata, halafu ofisi ya kisomo inatoa nakala za darasa zima. Filbert alinunua mashine kuukuu ya chapa kwa familia moja ya Upanga iliyokuwa ikihama, akapiga masomo kumi na mawili mwenyewe kwa vidole viwili, na mimi nikijilaza kitandani namcheka nikimwambia, "Baba Severa, unadonoa kama kuku," naye ananijibu bila kugeuka, "Kuku hafi njaa, mama." Baada ya mazishi nilijiapia kwamba masomo yaliyobaki nitayapiga mimi, wala hayatapita mikononi mwa mtu mwingine, nikaanza na la kumi na tatu, na kila wiki Ndugu Pius, kijana aliyejitolea kushika darasa, alikuwa akija kuchukua stensili mbili.

Sasa, Bi Kuruthumu, kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto kimekufa. Kilianza kwa kuuma, kisha ganzi, kisha maumivu yakapanda hadi kwenye kiwiko na begani, na asubuhi siwezi kumfunga Severa vifungo vya sare ya shule, ananiambia, "Mama, acha, nitafunga mwenyewe," na wala hajui kwamba neno hilo linaniuma kuliko kidole. Nimechua kwa mafuta ya nazi na karafuu, nimefunga kitambaa, nimeloweka katika maji ya moto yenye chumvi. Nyumbani napiga nikiwa nimeketi ukingoni mwa kitanda, maana kiti ni cha Filbert na shati lake la kazini bado liko juu ya mgongo wa kiti, na kitanda chetu ni cha kamba zilizolegea, kwa hiyo meza inanifika karibu na kifua, lakini nimezoea.

Chanzo cha ugonjwa nakijua na ndicho ninachoogopa kukisema. Nilijifunza kupiga chapa kwa mama mmoja mkali sana, kwa Kiingereza, na alitufundisha kwamba kila kidole kina herufi zake, na kidole kilichokwenda kwa jirani kilipigwa rula. Herufi A ni ya kidole cha mwisho cha kushoto. Miaka yote niliyopiga barua za Kiingereza sikuumwa, lakini tangu kazi zote za ofisi zigeuzwe Kiswahili kidole hicho hakipumziki. Tazama maneno haya tu: "Wafanyakazi wa Tanzania wanatakiwa kuhudhuria." Hata mstari haujajaa na kidole kile kidogo kimekwisha kupiga mara kumi na tatu, halafu jioni narudi nyumbani kupiga stensili, ambayo usipoigonga kwa nguvu haikatiki. Lakini mwaka jana mwenzetu mmoja alisimama kwenye mkutano wa wafanyakazi akasema kwamba Kiswahili kinachosha vidole, na mwenyekiti akamjibu mbele ya watu wote, "Hiyo ni kasumba, dada. Vidole vyako vinamlilia mkoloni?" Watu wakacheka, na mimi nilicheka pamoja nao. Sasa nitasimama wapi niseme ya kwangu, mimi ambaye mume wangu amekufa akiandika Kiswahili?

Mwenzangu wa meza ya pili, Zamzam, ameniona nikinywa chai huku mkono wa kushoto nimeuficha mapajani, akaniambia, "Shoga, mkono huo unauficha nini, umeiba?" Nilipomweleza kuhusu madaftari akasema, "Nipe mimi nikupigie, jioni sina kazi, nakaa barazani nasema watu tu." Nikamwambia mwandiko wa marehemu hataweza kuusoma. Ni kweli ni mbaya, lakini si hiyo sababu. Sababu ni kwamba nikiyatoa hayo madaftari, nitabaki na nini cha kufanya jioni?

Nilifika somo la thelathini na moja. Siku hiyo nilipiga neno "mzani" nikasikia kama waya wa moto umepita mkononi, nikaifunika mashine. Ndugu Pius alipokuja nikamwambia masomo yamekwisha, marehemu aliishia hapo. Niliyasema hayo huku madaftari mawili yakiwa chini ya mto, hatua tatu kutoka alipokuwa amesimama, naye akasema, "Pole, shemeji, basi tutarudi kwenye pamba."

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, akaja mchukuzi mmoja mtu mzima aitwaye Bakili, mwenyeji wa Liwale, akavua kofia barazani.

"Hodi, Mama Severa."

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Sikai. Pius anasema masomo ya mwalimu yamekwisha."

"Yamekwisha, mzee."

"La thelathini na moja ndilo la mwisho?"

"Ndilo."

Akaizungusha kofia yake mikononi. "Maana mwalimu alituambia la mwisho ni barua. Alisema, 'Bakili, siku hiyo utamwandikia mkeo kwa mkono wako, yule mwandishi wa barua wa pale posta asijue tena kama mnagombana au mnapendana.' Tulicheka siku hiyo!" Kisha akagusa mfuko wa shati. "Mke wangu huko Liwale amenitangulia kusoma, kishapata cheti cha kisomo. Ameniletea barua kwa mwandiko wake. Huu ni mwezi wa pili tangu niipate. Sitaki mtu anisomee. Nimefika mstari wa nne."

Nikainama kukifunga upya kitambaa cha kidole changu. Naye, kwa kuniona vile, akasema, "Labda mwalimu hakuwahi kuliandika. Mungu amrehemu," akavaa kofia yake akaondoka.

Aliliandika, Bi Kuruthumu. Lipo, ukurasa wa mwisho wa daftari la nne, na pembeni ameandika "wape muda". Mtihani wa kisomo ni mwezi wa nane. Je, nivumilie nipige masomo kumi na manne yaliyobaki hata kama mkono utakufa kabisa na kazi nipoteze, na Severa nimlee kwa kitu gani? Au niyatoe madaftari kwa mtu mwingine, wakati nilijiapia? Na yule mzee nitamtazama vipi usoni? Sina usingizi.

Ni mimi,
Mpiga Chapa wa Mtaa wa Mchikichi,
Dar es Salaam.

*

Bi Kuruthumu anajibu:

Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba. Miezi michache si kitu kwa mtu aliyekuwa akikujibu bila kugeuka. Ningekaa nawe barazani nikusikilize hadi jioni, lakini gazeti lina nafasi ndogo na mkono wako hauna muda, kwa hiyo nianze kukugombeza kama ulivyokubali.

Umeeleza mafuta ya nazi, umeeleza karafuu, umeeleza rula ya mwalimu wako. Jambo lililo kubwa zaidi umelipitia kama mtu anayevuka barabara: unapiga chapa umeketi kitandani, meza ikikufika kifuani! Nilikuwa mpiga chapa miaka tisa kabla ya kushika kalamu hii, na nakwambia hata shetani angepiga stensili kwa namna hiyo angeumwa bega. Mabega yako yamepanda kila jioni kama ya mtu anayenyeshewa, na vifundo vya mikono vimepinda kuelekea juu ili vidole vizifikie herufi. Kidole kidogo kinachogonga kikiwa kimepinda hivyo hakigongi kwa nguvu zake, kinavuta mshipa mzima hadi kwenye kiwiko. Halafu unakilaumu kidole.

Kaa kwenye kiti. Najua ni cha nani. Shati kama huwezi kuliondoa usiliondoe, liache pale pale uliegemee. Kaa mpaka viwiko vilingane na safu ya katikati ya herufi, mikono iende mbele imenyooka, isipande wala isishuke. Kiti kikiwa kifupi weka blanketi lililokunjwa. Miguu ikining'inia weka matofali mawili chini yake. Daftari usililaze mezani ukaliinamia, lisimamishe kwa kuliegemeza kwenye kitu, leo upande wa kulia, kesho wa kushoto, shingo isizoee kugeuka upande mmoja. Na kabla ya kuigonga stensili kwa hasira, chukua mswaki wa zamani usafishe vichwa vya herufi. Mashine ya kununua kwa watu mara nyingi imejaa wino mkavu na nta, herufi a na o zimezibika, nawe unapiga kwa nguvu mara mbili ili kukata karatasi ambayo herufi safi ingeikata kwa nguvu ya kawaida.

Sasa tuje kwenye herufi yenyewe. Umehesabu vizuri, na katika miaka yangu tisa sikuwahi kuhesabu hivyo. Mashine ile iliundwa na watu waliokuwa wakiandika lugha yao, wakaiweka A kwenye kidole dhaifu kuliko vyote kwa sababu kwao mzigo wake haukuwa mzito kama kwetu. Hawakumuuliza mpiga chapa wa Dar es Salaam, na hapakuwa na sababu ya kumuuliza. Kusema hivyo si kasumba, mwanangu. Kasumba ni kuamini kwamba mashine ya mgeni haiwezi kukosea ila kidole cha Mtanzania tu. Mwambie mwenyekiti wako maneno hayo, na ukiogopa mwambie yamesemwa na Bi Kuruthumu, anifuate mimi gazetini. Lakini usiende peke yako. Yule dada aliyechekwa mwaka jana, ambaye nawe ulimcheka, mtafute umwombe radhi kwanza. Kisha nendeni wote wawili, pamoja na huyo Zamzam mwenye mdomo, mkamwombe mkuu wenu viti vinavyofaa na dakika kumi za kupumzisha mikono kila baada ya saa moja. Mchukuzi akibeba gunia anapewa nafasi ya kulitua. Mpiga chapa naye anabeba, ila mzigo wake hauonekani.

Na rula ya mwalimu wako ilikwisha kazi siku uliyotoka darasani. Hakuna sheria ya nchi inayosema A ni mali ya kidole cha mwisho. Sogeza mkono wako kidogo kushoto, A uipige kwa kidole cha pete, kina nguvu zaidi. Wiki mbili utakosea kama mwanafunzi na utaona aibu, kisha mkono utazoea. Mumeo alipiga masomo kumi na mawili kwa vidole viwili, na hukuniandikia kwamba aliumwa mkono.

Hayo yote, hata hivyo, ni ya baadaye. Kwa sasa nyumbani usiguse mashine kwa wiki sita. Nimemuuliza muuguzi mmoja ninayemwamini, akasema ganzi inayofika hadi kushindwa kufunga kifungo si ya kuchuliwa na karafuu, ni ya kuonwa na daktari wiki hii, na upate cheti cha kazi nyepesi ukipeleke ofisini. Usiniandikie tena kabla hujaenda.

Unauliza ni nani atapiga masomo kumi na manne. Mimi nashangaa unauliza. Umemwambia Zamzam kwamba mwandiko wa marehemu hataweza kuusoma. Vizuri, uongo huo tuutumie kwa kazi ya maana. Mwite nyumbani kwako Jumanne na Alhamisi. Yeye akae mashineni, wewe ukae karibu yake na madaftari mapajani, umsomee neno kwa neno, na pale palipoandikwa "hapa watacheka" umwambie, maana akicheka yeye utajua wachukuzi nao watacheka. Uliapa kwamba masomo hayo hayatapita mikononi mwa mtu mwingine. Kiapo cha msibani Mungu anakielewa, na wewe huvunji kitu, madaftari hayatoki mikononi mwako. Masomo mawili kwa wiki ni wiki saba, na mwezi wa nane haujafika. Uliniuliza utafanya nini jioni ukiyatoa. Hiyo ndiyo kazi yako ya jioni. Na wiki saba zikiisha, darasa la Pius halitakosa kazi kwa mtu anayejua kusoma mwandiko mbaya.

Kuhusu uongo wako kwa Pius na kwa yule mzee sina maneno matamu. Watu wale walishusha magunia mabegani wakaenda kukaa kwenye madawati, na wewe ukawarudisha kwenye pamba kwa sababu ulitaka kubaki na mumeo chini ya mto. Naelewa, na bado ni kosa. Kesho jioni nenda darasani mwenyewe, usimtume Severa wala usiandike karatasi. Simama mbele yao useme, "Masomo hayakwisha. Mkono wangu uliumwa, na nilikuwa na huzuni, nikawadanganya." Maneno kumi tu. Watu wa mizigo wanajua habari ya mkono kuumwa kuliko ofisi yako yote, na utashangaa watakavyokupokea. Usilie ukiweza. Ukishindwa, lia, kisha umalize sentensi.

Somo la barua lisiruke zamu yake hata Bakili akikuomba. Mumeo aliliweka mwisho kwa sababu, na ameandika wapewe muda. Siku watakapofika hapo, yule mzee atakuwa amemaliza barua ya mkewe kwa macho yake mwenyewe. Huenda akaja barazani kwako akicheka, huenda akaja amenyamaza, kofia mkononi. Mkaribishe, mpe chai, mwulize habari za magunia, habari za mvua za Liwale, habari yoyote utakayo. Ila usimwulize mkewe amesema nini.